Moteri ya pili kwenye mashua ya kanisa

Tangu mashua ya ushirika wetu ifungwe moteri ndogo pembeni ya ile kubwa, makanisa kadhaa ya ukingo wa ziwa yametuuliza: ni ya nguvu gani, ilifungwaje, na je, ina faida kweli? Tumeona ni vema tuwajibu wote pamoja. Tutasema pia pale tulipokosea, maana tulianza kwa kukosea, na kosa letu nusura liwagharimu watu 14.

Mashua yetu ni ya mbao, urefu mita 9, na moteri yake kubwa ni ya nguvu za farasi 40. Inafanya kazi kati ya Baraka na vijiji vya rasi ya Ubwari. Inabeba wachungaji wanaokwenda mikutanoni, wanakwaya, dawa za kituo cha afya, na mara nyingi mama mjamzito ambaye barabara haiwezi kumfikisha upesi. Kwa wasiojua mahali hapo, ghuba ya Burton imefungwa upande wa kusini na iko wazi upande wa kaskazini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Mashua ikizimika katikati ya ghuba, upepo hauirudishi ukingoni. Unaisukuma nje, kwenye ziwa lenyewe. Na ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu kuliko pote. Hata mbali na shimo hilo, mahali pengi chini hushuka ghafla, kamba ya nanga ya mita 50 ikaning'inia tu. Wavuvi wetu wanalijua hili: nanga ni kitu cha karibu na nchi kavu. Ukiwa ndani, usipokuwa na nguvu ya kusogea, huna mahali pa kusimama.

Ndiyo sababu tulitafuta moteri ya pili. Tulipewa moja iliyotumika, ya farasi 5, na tukashukuru. Fundi wetu aliifunga kwa siku moja. Ili tusinunue bidoni nyingine, tulikata mpira wa esansi wa moteri kubwa, tukatia kiungo cha njia mbili, na moteri zote mbili zikanywa kutoka tangi moja. Kazi ilionekana safi. Mweka hazina alifurahi.

Miezi michache baadaye, tukirudi kutoka Ubwari alasiri, moteri kubwa ilikohoa mara mbili ikazimika. Hatukuogopa. Tuliteremsha ndogo, ikawaka kwa mvuto wa tatu, tukaanza kuimba tena. Iliendelea kwa dakika chache tu, ikishiba esansi safi iliyobaki ndani ya kaburata yake, kisha nayo ikakohoa namna ile ile. Esansi ilikuwa na maji. Kile kilichoua ya kwanza kilikuwa kinasubiri ya pili kwenye mpira ule ule. Tulivunja ubao wa kukalia tukautumia kama kasia, tukimwaga jasho bila kusogea, upepo ukitupeleka kaskazini. Kulikuwa na mama mwenye mtoto wa majuma matatu ndani ya mashua. Jua lilipozama, wavuvi wa ndagala waliokuwa wanatoka na taa zao walisikia sauti zetu, wakatuvuta hadi ukingoni. Walikataa malipo. Tuliwapa esansi, nao wakacheka, wakauliza kama nayo ina maji.

Isishiriki kitu

Usiku ule tulikaa na fundi na kapiteni tukaandika kwenye daftari sentensi moja: moteri ya pili isishiriki kitu chochote na ya kwanza. Mengine yote yanatoka hapo.

Tuanze na esansi, kwa sababu hapa kwetu ndiyo inayozima moteri nyingi. Moteri ndogo sasa ina bidoni yake ya lita 20, mpira wake na chujio lake. Lakini bidoni tofauti haitoshi, na hili tulichelewa kulifikiri. Ukijaza bidoni zote mbili siku moja kutoka pipa moja la muuzaji mmoja, umeweka maji yale yale sehemu mbili. Bidoni ya moteri ndogo tunaijaza siku nyingine na kwa muuzaji mwingine. Ikiwa kijijini kuna muuzaji mmoja tu, tunaijaza wakati mtu anapotoka mjini. Kabla ya kujaza, tunatia esansi kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo na kuiacha itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko esansi, hukaa chini, na mpaka kati yake unaonekana kwa macho. Kazi hii inafanywa na kijana yeyote, haihitaji fundi.

Moteri yetu mpya ni ya midundo miwili, inayotaka mafuta ya moteri yachanganywe ndani ya esansi, kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani lita moja ya mafuta kwa lita 50 za esansi. Ile kubwa nayo ni ya midundo miwili na ya kipimo hicho hicho. Someni kitabu cha moteri yenu, maana vipimo vinatofautiana. Mkiwa na kubwa ya midundo minne na ndogo ya midundo miwili, pigeni bidoni rangi tofauti. Moteri ya midundo miwili ikipewa esansi tupu, isiyo na mafuta, inajiua ndani ya muda mfupi sana, na hilo litatokea siku yenye haraka, wala si siku ya utulivu.

Kisha batri. Kubwa yetu inawashwa kwa ufunguo. Ndogo inawashwa kwa kamba ya kuvuta, na tulikataa ile yenye kitufe ingawa vijana waliitamani. Batri iliyokufa ni sababu mojawapo ya kuihitaji moteri ya pili, basi haifai na hiyo iitegemee. Bujii pia: kila moteri ina mfuko wake wenye bujii zake na funguo yake, kwa kuwa ukubwa wake si mmoja, na mfuko umefungwa kwa kamba ndani ya mashua usije ukahamia kwenye pikipiki ya mtu.

Nguvu na mguu

Farasi 5 zilikuwa chache. Mashua yetu ikiwa na watu na mizigo inafika karibu tani 2 na nusu. Siku ya maji matulivu moteri ndogo sana huisogeza vizuri, lakini siku ya maji matulivu si siku inayotusumbua. Tuliamua farasi 15. Kuna ndugu waliotushauri kuchukua 25, ili tufike haraka. Tuliwaeleza hivi: mashua nzito yenye tumbo majini haikimbii kwa moteri ya akiba hata ukiiongezea nguvu kidogo. Inasukuma wimbi lake mbele, na zaidi ya hapo unachoma esansi tu. Tunachotaka ni kwenda kilomita 7 au 8 kwa saa dhidi ya upepo na kushika uelekeo. Kwa 15 tunapata hiyo. Ikisukumwa sana inakunywa karibu lita 6 kwa saa, kwa hiyo bidoni ya lita 20 inatupa zaidi ya saa 3, nasi tunajua kwamba tuna kilomita 20 na zaidi mkononi. Hesabu hiyo kila kanisa lifanye kwa njia yake: pale mlipo mbali zaidi na nchi kavu, bidoni yenu inafikisha?

Kwa ndugu wa ziwa Kivu kuna neno moja la kuongeza. Ziwa lenu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na letu ni mita 770 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, na moteri ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake kila mita 100 za kupanda. Moteri ya farasi 15 kwenu ni kama 13 tu. Mkipima kwa ukingo wa kutosha, hamtadanganywa na namba iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Jambo la mguu lilitufundisha kwa aibu. Moteri hizi huuzwa na mguu mfupi, wa sentimita 38 hivi, au mguu mrefu, wa sentimita 51, na kuna mrefu zaidi ya hapo. Ile ya kwanza ilikuwa ya mguu mfupi. Bandarini, mashua ikiwa tupu na watu wawili wamekaa nyuma, elisi ilikuwa ndani ya maji vizuri. Siku ile ya ghubani watu walikimbilia mbele kwa hofu, nyuma ikanyanyuka, na kila wimbi lilipopita elisi ilikata hewa ikipiga kelele bila kusukuma. Hata esansi ingekuwa safi, tungeenda kwa shida. Moteri iliyo katikati ya ubao wa nyuma inavumilia kidogo mashua ikiyumba. Iliyo pembeni inanyanyuliwa zaidi. Kwa hiyo sasa tuna mguu mrefu, na lile bapa lililo juu ya elisi tumelishusha sentimita 5 chini ya tumbo la mashua. Msipime bandarini tu. Pakieni watu, waambieni wasogee mbele, kisha tazameni.

Kuifunga

Mwendeshaji wetu wa moteri kubwa hukaa upande wa kulia na kushika usukani wake kwa mkono wa kushoto. Basi ndogo tuliiweka kushoto. Hapo haimgongi, na uzito wake unamsawazisha mwendeshaji. Kabla ya kutoboa tundu lolote, fundi alitengeneza umbo la moteri kwa mbao nyepesi, akaliegemeza mahali pake, tukageuza moteri kubwa hadi mwisho kulia na kushoto, tukainyanyua na kuishusha, na umbo nalo likainyanyuliwa na kushushwa. Mara ya kwanza vichwa viligongana. Tulisogeza hadi ikawa sentimita 65 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Ubao wa nyuma ukiwa mwembamba kuliko hapo, mtahitaji kiti cha chuma chenye kunyanyuka na kushuka. Kinauzwa, na kila kimoja kimeandikwa kinabeba kilo ngapi na nguvu ngapi. Msikipite.

Sisi tulitengeneza kiti cha mbao ya mvule, unene wa sentimita 5. Tumekifunga kwa buloni 4 za inoksi zinazopita ubao wote hadi ndani, na ndani tumeweka kipande cha bamba kipana ili vichwa vya buloni visizame kwenye mbao. Skurubu za mbao hazifai hapa hata kama ni ndefu. Moteri inasukuma mashua mbele kupitia kiti hicho, na inakivuta nyuma kila unaporudisha. Matundu yote tuliyajaza gundi ya kuziba maji kabla ya kupitisha buloni. Mbao ikinywa maji kutoka ndani ya tundu inaoza bila kuonekana, na tunajua mashua, si yetu, ambayo moteri iling'oka na kipande cha ubao ikaenda nayo chini.

Zile skurubu mbili za kubana za moteri tulikaza, tukatembea robo saa, tukakaza tena, na kweli zilikuwa zimelegea. Kuna mnyororo wenye kufuli kutoka moteri hadi mbavu ya mashua. Mnyororo huo unazuia mwizi na pia unaokoa moteri ikiruka kutoka kwenye kiti chake. Wakati haitumiki, ndogo inanyanyuliwa kabisa nje ya maji na kufungwa juu. Ikiachwa chini huku kubwa inakimbia, maji yanaipiga na kuizungusha elisi yake bure, na kiti kinateseka.

Moteri iliyo pembeni haisukumi sawa. Yetu iko kushoto, basi inaipeleka pua ya mashua kulia. Kapiteni alishangaa mara ya kwanza, akadhani kuna mkondo. Dawa yake ni kuiacha ile kubwa iliyozimika ndani ya maji, imenyooshwa katikati na kufungwa kamba isigeuke, ifanye kazi ya usukani unaoshika mstari. Inakokota kidogo, na tunapoteza mwendo, lakini tunakwenda tunakotaka. Siku ya maji matulivu unaweza kuinyanyua.

Gharama, na swali la mzee mmoja

Katika kikao cha ushirika, mzee mmoja tunayemheshimu sana aliuliza kama kununua moteri ya pili si kupungukiwa imani. Tulimjibu kwamba katika safari ya Paulo kwenda Roma, mabaharia walitupa nanga 4 kutoka nyuma ya merikebu, na hakuna aliyewakemea kwa kuwa nazo nyingi. Mzee alicheka, akasema wangetupa na moteri kama wangekuwa nazo. Baadaye yeye ndiye aliyewasimamia akina mama na vijana walipokusanya fedha za ile ya farasi 15. Tuliinunua mpya, na tulichagua aina ambayo vipuri vyake viko sokoni Uvira na Kalemie, hata kama nyingine ilikuwa nzuri zaidi machoni. Moteri isiyo na vipuri ni nanga ya gharama.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza kikaoni, nasi tunaliona la hatari zaidi, ni hili: tukiwa na moteri mbili, si tunaweza kuongeza abiria? Hapana. Moteri ni kilo 36, bidoni ikijaa ni karibu 16, kiti na mnyororo vinaongeza. Jumla ni uzito wa mtu mmoja, na huo umekaa nyuma kabisa, mahali pabaya. Kwa hiyo kipimo chetu kilishuka kutoka watu 16 hadi 15. Mnakumbuka tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua Merdi ilipozama mbele ya Kituku, Goma, ikitoka Minova, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Ilikuwa karibu kufika. Moteri ya akiba inasaidia mashua iliyozimika. Mashua iliyojazwa kupita kiasi haina moteri itakayoisaidia. Tumepiga mstari mweupe ubavuni, na maji yakiufikia, kapiteni ana ruhusa ya kumshusha hata mchungaji. Imetokea mara moja, na mchungaji alishuka.

Mazoezi ya Jumamosi

Moteri ya akiba hufa kwa kukaa. Esansi iliyochanganywa ikikaa miezi ndani ya kaburata hugeuka kama utomvu na kuziba vitundu vidogo. Hivyo kila Jumamosi asubuhi, kabla ya usafi wa kanisa, inawashwa dakika 10 ikiwa majini, kamwe si nchi kavu, maana maji ndiyo yanayoipoza. Tunatazama kama inakojoa, yaani kama ule mchirizi wa maji unatoka nyuma kwa nguvu. Usipotoka, tunazima mara moja na kutafuta uchafu kwenye njia ya maji. Mwisho tunachomoa mpira wa esansi, tukaiacha imalize iliyo ndani hadi izimike yenyewe. Kila miezi 2 esansi ya bidoni ndogo tunaimwaga kwenye tangi la moteri kubwa, inatumika, na ndogo inajazwa upya.

Mwanzoni kapiteni peke yake ndiye aliyejua kuiwasha. Tuliona huo nao ni ushirika usiofaa: je, kama kapiteni ndiye aliyeanguka? Sasa kuna watu 4, na mmoja ni dada wa kwaya ambaye anaiwasha upesi kuliko wanaume, kwa kuwa havuti kwa hasira. Anavuta polepole hadi kamba ishike, kisha mara moja kwa nguvu. Tulipopima kwa saa, kutoka moteri kubwa kuzimika hadi ndogo kusukuma, mara ya kwanza ilikuwa dakika 11. Mtu alisahau kufungua kitundu cha hewa cha bidoni. Mwezi uliopita ilikuwa dakika 3. Wakati huo wote abiria wanakaa chini, mahali pao, na mmoja anaelekeza pua ya mashua kwenye upepo kwa kasia. Ndiyo, sasa tuna makasia ya kweli, mawili.

Jile za kuokolea tunazo 15 za watu wazima. Za watoto wadogo bado tuna 2 tu, na hizo ndizo tunazotafuta kabla ya kiangazi kijacho. Kanisa lolote linalotaka kuja kutazama moteri inavyofungwa, fikeni Jumamosi saa moja asubuhi bandarini, mtatukuta tumeshaiwasha.